Pampu ya mvuke ya London bado inazunguka. Za kwetu Uganda ziliishia wapi?

#1 Mwana_Walukuba
Habari zenu. Mimi ni mtoto wa Walukuba, Jinja, sasa naishi Hounslow, magharibi mwa London. Jirani yangu, mzee mstaafu, amenisumbua muda mrefu twende Kempton Park nikaone "mashine yake". Nikaenda, zaidi kwa heshima kuliko kwa hamu. Banange!

Ndani ya jengo moja la matofali zimesimama injini mbili za mvuke, kila moja futi 62 kutoka chini kabisa hadi kileleni, uzito wa tani kama 1,000. Yaani nyumba ya ghorofa sita, ila yote chuma. Ziliwekwa 1929 kusukuma maji ya kunywa ya kaskazini mwa London, na zikafanya kazi hadi 1980. Kila moja iliweza kusukuma galoni milioni 19 kwa siku, karibu lita milioni 86. Moja inaitwa Sir William Prescott, aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya maji, na nyingine Lady Bessie Prescott, mkewe. Bwana ndiye anayefanya kazi, alifufuliwa 2002. Bibi amepumzika, unaruhusiwa kupanda ngazi ukamwangalia hadi ndani.

Mvuke unaingia kwanza silinda ndogo ukiwa na nguvu zake zote, unatoka hapo unaingia ya kati, kisha ya mwisho ambayo ndiyo pana kuliko zote. Hawauachii mpaka wameukamua. Kilichonishangaza ni utulivu wake: chuma kizito namna ile kinapanda na kushuka, na watu wawili wanaongea chini yake bila kupaza sauti. Wanaoiendesha ni wazee wa kujitolea, hawalipwi kitu.

Nikarudi nyumbani nikiwaza. Uganda tulikuwa na mvuke: garimoshi, meli za maziwa yote. Iko wapi hata moja inayozunguka leo? Na maji ya kwanza ya Kampala yalisukumwa na nini? Wenye kujua naomba mnijuze.

#2 Nnalongo_Kasese
Ziliishia kwenye nondo za nyumba yenu ya Walukuba. Swali lingine?

#3 Mpita_Njia
😂😂 Nnalongo hana huruma.

#4 Skrepu_Malaba
Nnalongo, nakujibu kwa sababu najua jiwe limerushwa upande wangu. Nafanya biashara ya vyuma chakavu na sioni haya. Mimi sijawahi kuingia ofisi ya mtu usiku nikatoka na boila. Chuma kinaletwa na mwenye nacho, ana karatasi, ana muhuri, anataka pesa leo. Nikikataa kinavuka barabara kwa mwenzangu. Mlaumuni aliyeweka muhuri.

#5 Injinia_Maji
Mwana_Walukuba, asante kwa simulizi, lakini swali lako la pili linatafuta kitu ambacho hakikuwepo. Kampala ilipata maji ya bomba kutoka Ggaba mwishoni mwa miaka ya 1920. Kabla ya hapo watu walichota visima na chemchemi. Wakati huo injini za mafuta zilishakuwa jambo la kawaida duniani, huna sababu ya kujenga boila, kuajiri watu wa kuni, kungoja mvuke upande ndipo mji upate maji. Baadaye bwawa la umeme la Owen Falls likafunguliwa 1954, umeme ukawa mwingi, mjadala ukaisha. Hadi leo Ggaba kazi ni ile ile, kuvuta maji ziwani na kuyapandisha kwenye matangi ya vilima kama Muyenga, ila kwa mota za umeme.

Kwa kifupi, Uganda iliruka hatua ya pampu ya mvuke. Huwezi kuhifadhi kisichokuwepo.

#6 Mwalimu_wa_Historia
Injinia, hoja yako ina tundu. Angalia tena mwaka aliotaja #1. Kempton ni 1929, miaka ile ile ya Ggaba! Waingereza hao hao, mwaka huo huo, kwao wanajenga mvuke wa ghorofa sita, kwetu hawajengi. Basi kuchelewa siyo sababu.

Mimi nasema ni makaa ya mawe. London makaa yalifika kwa mashua hadi ukingo wa Thames pale Hampton, na bodi ya maji ilikuwa na kireli chake chembamba cha kuyapeleka Kempton. Kireli hicho kilijengwa 1915. Sisi hatuna makaa. Yangepanda meli hadi Mombasa, kisha treni hadi Kisumu, kisha meli tena, maana treni yenyewe ilifika Kampala 1931 tu, lilipokamilika daraja la Nile pale Jinja. Nani angelipia?

#7 Injinia_Maji
Na kuni je? Treni na meli zetu zilichoma kuni miaka mingi. Kama ni moto tu, misitu ilikuwepo.

#8 Mwalimu_wa_Historia
Ilikuwepo, na ikaliwa. Pampu ya mji haizimwi, treni unaweza kuichelewesha.

#9 Mzee_Faimani
Vijana wangu salaam. Nawasoma kimya kimya lakini hapa lazima niseme.

Anayesema Uganda hapakuwa na pampu ya mvuke hajawahi kukaa steshoni. Injini ya mvuke inakunywa maji kuliko inavyokula moto. Haifiki mbali bila kusimama kujaza. Kwa hiyo njiani palijengwa matangi ya maji, yale ya vipande vya chuma vya mraba vilivyofungwa kwa bolti, yamekaa juu ya nguzo. Mengine bado mnayaona mkipita. Sasa jiulizeni, maji yalipandaje mle? Hayakupanda kwa dua. Chini, karibu na mto au kinamasi, palikuwa na nyumba ya pampu. Nilipoanza kazi Tororo nikiwa kijana, kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika, pampu ya dizeli ndiyo ilikuwa inatumika, lakini ya zamani ya mvuke ilikuwa bado imelala pembeni na kiboila chake cha kusimama. Ndogo tu, silinda mbili ubavu kwa ubavu, moja ikienda mbele nyingine inarudi. Wazee walituambia ililishwa kuni na mtu mmoja aliyeishi hapo hapo na familia yake.

Siyo ghorofa sita. Lakini ilikuwa pampu na ilikuwa ya mvuke.

#10 Mwana_Walukuba
Mzee, shikamoo. Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta. Ilienda wapi hiyo pampu?

#11 Mzee_Faimani
Marahaba mwanangu. Siku moja nilikuta zege lake tu.

#12 Nnalongo_Kasese
Nondo. Nimeshasema.

#13 Injinia_Maji
Mzee, kwa heshima zote, pampu ya steshoni ni ya kunywesha treni, siyo maji ya mji. Mimi nilizungumzia maji ya mji. Na bila picha bado nina shaka, maana watu wengi wanachanganya pampu na injekta.

#14 Mzee_Faimani
Mwanangu, mimi nilikuwa faimani, mtia moto wa injini. Injekta nimeifungua kwa mikono hii. Injekta haina pistoni wala gurudumu, ni mvuke wenyewe unapita kwenye tundu jembamba kwa kasi na kuyavuta maji kuyaingiza kwenye boila. Aliyeibuni ni Mfaransa, Giffard, 1858. Ukiona maji yanatapika nje badala ya kuingia ndani, dereva anakuangalia hivi, unajua leo chai hunywi. Siwezi kuichanganya na pampu.

#15 Fundi_Nalukolongo
Mzee katoa somo. 👏

Niongeze sababu nyingine ambayo hakuna aliyeigusa. Injini zenyewe hazikuwa zetu peke yetu. Tangu 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa shirika moja, na karakana kubwa ya matengenezo mazito ilikuwa Nairobi. Injini ikichoka Tororo au Kampala inapelekwa Nairobi. Sasa 1977 Jumuiya ikavunjika, kila nchi ikabaki na kilichokuwa upande wake. Sisi ilibidi tujenge karakana yetu hapa Nalukolongo, na ilijengwa kwa ajili ya dizeli. Mvuke ulikuwa umeshakwisha.

Ndiyo maana ukitaka kuona mvuke wetu unapanda basi kwenda Nairobi. Makumbusho yao ya reli yalifunguliwa 1971, wakati injini zilikuwa bado kazini, kwa hiyo walichagua vizuri.

#16 Mpita_Njia
Kwa hiyo Wakenya wamekaa na samaki wa Migingo, kisiwa tunachogombania, NA injini zetu?

#17 Msimamizi
Migingo ina uzi wake. Endeleeni na injini.

#18 Fundi_Nalukolongo
Mpita_Njia hawakuiba. Zile kubwa za daraja la 59 zilijengwa Manchester na Beyer Peacock miaka ya 1950, 34 kwa jumla, zenye nguvu kuliko zote duniani kwenye reli ya mita moja. Zilifanya kazi hasa Mombasa hadi Nairobi, maana zilihitaji reli nzito. Kwetu zingevunja njia. Hapa zilifika zile nyepesi zaidi, kama daraja la 60 lililopewa majina ya magavana. Za 59 zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Iliyo maarufu Nairobi ni 5918, Mount Gelai, iliwahi kufufuliwa na kutembea tena. Mlima wa Tanzania, injini ya Manchester, makumbusho ya Kenya.

#19 Nnalongo_Kasese
Na Ruwenzori? Usiniambie hawakuweka Ruwenzori.

#20 Fundi_Nalukolongo
Waliweka, na Elgon pia. Katika hizo 34 zimebaki mbili tu, Gelai na Shengena. Zote mbili milima ya Tanzania.

#21 Nnalongo_Kasese
Yaani mlima wetu ukayeyushwa! Mimi nilikuwa natania kuhusu nondo, sasa nimekasirika kweli.

#22 Mvuvi_Butiaba
Poleni. Mmeongea treni na mabomba, mmesahau meli. Hapa kwetu Butiaba kwenye Ziwa Albert kulikuwa na SS Robert Coryndon, ilijengwa Uingereza na Thornycroft, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapa, 1930. Ilikuwa na vyumba vya kulala, maktaba, wazungu wanavaa suti wakati wa chakula. Babu yangu mzaa mama alikata kuni za meli hizi. Ilizama kwa dhoruba hapa hapa bandarini, ikabaki imeinama, sisi tukiwa watoto tunaoga karibu nayo tukionywa na mama kila siku. Halafu wakaja watu na mitungi ya gesi wakaikata. Leo ukija huoni hata ubavu.

Hemingway, yule mwandishi Mmarekani, naye alipata ajali mbili za ndege huku kwetu Januari 1954, ya kwanza karibu na maporomoko ya Murchison, ya pili hapa Butiaba wakati wanamwokoa. Watalii huuliza hiyo tu. Ya meli hawaulizi.

#23 Skrepu_Malaba
Kabla hamjanitazama: Butiaba ni mbali sana na Malaba.

#24 Mpita_Njia
Lakini nondo hutembea 😂

#25 Mwalimu_wa_Historia
Mvuvi, asante, lakini dhoruba peke yake haitoshi. Kati ya 1961 na 1964 mvua zilikuwa nyingi mno, maziwa yote ya huku yakapanda. Bandari ya Butiaba iliingia majini na haikufunguliwa tena. Namasagali vile vile. Mafuriko hayo ndiyo yaliyoua njia nzima: treni kutoka Jinja hadi Namasagali iliyofunguliwa 1912, kisha meli za kuni kupitia Ziwa Kyoga hadi Masindi Port, kisha gari hadi Butiaba, kisha meli tena kuelekea Kongo na Sudan. Kiungo kimoja kikikatika vingine havina maana. Hiyo ndiyo sababu yangu ya pili kwa #1: mvuke wetu haukuzeeka ukastaafu, ulizamishwa.

#26 Mvuvi_Butiaba
Mwalimu, maji yalipanda ndiyo, lakini bibi yangu aliona kwa macho usiku ule upepo ukiigonga. Wewe umesoma, yeye aliona.

#27 Mwalimu_wa_Historia
Basi vyote viwili. Upepo bila kina kile usingeifikisha pale.

#28 Mvuvi_Butiaba
Kina bila upepo kingeiacha inaelea.

#29 Dada_wa_Kamuli
Nimesoma Namasagali, shule iliwekwa kwenye majengo ya ile bandari. Tulikuwa tunapita juu ya reli kwenda darasani na hakuna mwalimu aliyewahi kutuambia ilikuwa inaenda wapi. Nimejua leo kwenye uzi huu. Nchi hii!

#30 Mzee_Faimani
Na nyie mnaomtafutia Injinia pampu ya mvuke, kwenye meli hizo zilikuwemo kadhaa. Pampu ya kulisha boila, pampu ya kutoa maji tumboni mwa meli. Hata ile ya kwanza ya Ziwa Victoria, William Mackinnon, iliyobebwa vipande kutoka pwani na kuingizwa majini Kisumu 1900, haikuelea bila pampu.

#31 Injinia_Maji
Mzee sasa unahesabu kila kitu chenye bomba. 😄 Nakubali meli. Maji ya mji bado.

#32 Kakira_Zamu
Nyote mnaongea kama mvuke umekufa. Mimi naandika nikiwa zamu ya usiku karibu na boila. Kiwanda cha sukari kinaendeshwa na mvuke, wakuu. Muwa ukishakamuliwa, makapi yake yanaingia tanuruni, maji yanachemka, mvuke unazungusha tabo (turbini), tabo inazungusha jenereta, na mvuke unaotoka hapo bado una joto la kupikia juisi. Kakira mtambo wake ni megawati 52, ziada inauzwa kwenye gridi. Lugazi nao wanachoma makapi. Hata viwanda vya chai huko magharibi vina boila za kuni za mikaratusi kukaushia majani.

Kwa hiyo taa unayosomea uzi huu huenda imewashwa na muwa.

#33 Nnalongo_Kasese
Taa yangu imezimika tangu saa moja jioni. Kaongeze makapi.

#34 Mwana_Walukuba
Kakira, hii nimeipenda. Na Kempton vile vile, ubavuni mwa hizo injini kubwa kuna tabo za mvuke walizoongeza 1933. Ndogo, zimejificha, hakuna anayezipiga picha. Watu wote wanatazama juu kwenye pistoni.

#35 Kakira_Zamu
Kwa sababu tabo haina maringo. Unaona boksi tu linalolia. Pistoni unaona kazi inafanyika.

#36 Bombo_Kwetu
Mimi nitasema lisilopendwa. Kwa nini tuhifadhi? Hiyo pamba iliyobebwa na garimoshi ililimwa kwa lazima ya kodi. Kuni za meli zilikatwa na babu yake Mvuvi kwa senti ngapi? Mwingereza anang'arisha shaba ya Kempton kwa sababu ile maji alikunywa yeye. Garimoshi letu lilibeba pamba kwenda Mombasa likarudi na gauni. Acha liyeyushwe lizae nondo, angalau nondo inashika nyumba yangu.

#37 Mzee_Faimani
Bombo, mwanangu, mshahara wa garimoshi hilo ndio uliosomesha watoto wangu saba. Usiniyeyushie.

#38 Bombo_Kwetu
Mzee wangu, samahani, sikukulenga. Nauliza tu nani alinufaika.

#39 Dada_wa_Kamuli
Lakini Bombo, hao watu wa kuni ndio nataka watoto wangu wawajue. Chuma kikiondoka, na habari zao zinaondoka. Mimi nilikanyaga reli miaka yote ile bila kujua, ni kwa sababu hapakuwa na hata kibao.

#40 Fundi_Nalukolongo
Turudi kwenye injini, maana mada ilisema za mvuke lakini mashine za kale ni pana. Mimi naona tunatafuta mbali. Lister za kusaga mahindi mmezisahau? Silinda moja, magurudumu mawili mazito ubavuni, nguvu farasi 6, mizunguko 650 kwa dakika, maji ya kupoza kwenye pipa. Unainua kile kiwiko cha juu ili silinda isibane, unazungusha kwa mkono mpaka magurudumu yashike kasi, unakiachia, tuk... tuk... tuk. Kijiji kizima kinajua unga umeanza. Huko Iganga na Pallisa nimetengeneza nyingi na bado zinakula dizeli.

#41 Mpita_Njia
Mama alikuwa akisikia tuk-tuk ile anatupa kapu kichwani kwangu. Sitaki kuiona kwenye makumbusho, itanikumbusha foleni.

#42 Skrepu_Malaba
Fundi, tahadhari. Nyingi mnazoita Lister siyo za Dursley, Uingereza. Ni nakala za India, Rajkot. Chuma cha gurudumu ukikigonga sauti tofauti, na bei yangu tofauti.

#43 Fundi_Nalukolongo
Kweli kabisa, na za India spea zake zinapatikana ndiyo maana ziko hai. Hii nayo ni sababu, kama hamjaiona. Mashine haifi kwa uzee, inakufa kwa kukosa spea.

#44 Bombo_Kwetu
Hapo tumekubaliana. Mjomba wangu alikuwa mwendesha mitambo kwenye jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, huko Teso. 1972 wenye jineri, Wahindi, wakafukuzwa nchini na Amin, akabaki na injini kubwa nzima kabisa, ila barua ya kuagizia spea hakuna anayeijibu. Aliifunika turubai, akaipaka grisi, akaingoja. Wakati wa vita wakaja watu wakachukua kwanza shaba, kisha mkanda wa ngozi wakakata viatu.

#45 Mwana_Walukuba
Basi mpaka sasa nina: nondo, makaa ya mawe, Nairobi, mafuriko, spea, 1972, na kwamba hazikuwepo. Nani anaongeza?

#46 Injinia_Maji
Ongeza uzito. Unadhani Kempton zilibaki kwa mapenzi? Tani zile ndani ya jengo lililojengwa kuzizunguka, kuzikata na kuzitoa ni gharama kuliko thamani ya chuma chake. Zilikaa bila kazi tangu 1980 mpaka wakapatikana watu wa kujitolea. Pampu ya Mzee ya Tororo ilibebwa na pikapu moja.

#47 Mwalimu_wa_Historia
Hapana Injinia. Crofton, kusini mwa Uingereza, kuna injini ya Boulton na Watt ya 1812 iko pale pale ilipowekwa, na bado inaweza kupandisha maji ya mfereji siku wanapoiwasha. Ndogo kuliko Kempton, ingekatwa kirahisi. Na Lemmer huko Uholanzi kuna kituo cha mvuke cha Wouda, cha 1920, kimo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1998, na maji yakijaa Friesland wanakiwasha kwa kazi kweli, siyo maonyesho. Kilibaki kwa sababu kina kazi.

#48 Injinia_Maji
Wouda nakupa. Crofton siku zote wana pampu ya umeme inayofanya kazi yenyewe, ile injini ni sherehe.

#49 Mzee_Faimani
Mnasahau pensheni. Huyo jirani yake Mwana_Walukuba anapanda ngazi na kikopo cha oili kwa sababu mwisho wa mwezi pesa yake imeingia. Sisi shirika lilipovunjika tulifuatilia malipo yetu mpaka wenzangu wengine wakafa wakiwa kwenye foleni. Mtu huyo utamwambia aje kujitolea kung'arisha boila?

#50 Nnalongo_Kasese
Mzee umefunga mjadala.

#51 Mwalimu_wa_Historia
Hajafunga, India nao wastaafu wao wana shida na garimoshi la Darjeeling linapanda mlima hadi leo.

#52 Dada_wa_Kamuli
Kwani pale Jinja si kuna makumbusho ya reli siku hizi, steshoni? Naona watu wanapeleka shule.

#53 Fundi_Nalukolongo
Yapo. Usitegemee ghorofa sita wala moto, lakini nenda. Vifaa vya steshoni, mabehewa, na historia ya reli imeelezwa vizuri. Ni mwanzo.

#54 Mwana_Walukuba
Nikija Desemba nataka tupange safari: Jinja asubuhi, halafu Namasagali. Mzee, ukikubali tukuchukue Tororo utuonyeshe na hilo zege la nyumba ya pampu. Mafuta ya gari juu yangu.

#55 Mzee_Faimani
Nitakuja. Injinia naye aje, nimwonyeshe bolti za kushikia pampu, bado zimechomoza.

#56 Injinia_Maji
Nakuja na futi yangu ya kupimia. Bolti za dizeli na za mvuke hazikai sawa.

#57 Skrepu_Malaba
Mnaopita njia ya Malaba mnijulishe mapema. Nina kibao cha shaba chenye jina la mtengenezaji, kilikuja na mzigo wa chuma, hakijayeyushwa. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

#58 Nnalongo_Kasese
Kibao cha nini? Kimeandikwa nini? Weka picha SASA HIVI.

#59 Skrepu_Malaba
Simu yangu kamera imepasuka. Kesho nitamwomba kijana.

#60 Mpita_Njia
Huyu anapandisha bei. Nnalongo usimuonyeshe kwamba una hamu.

#61 Dada_wa_Kamuli
Desemba barabara ya Namasagali ikinyesha ni tope tupu, kodini gari lililoinuka. Na mbebe chakula, Mzee hawezi kushinda na rolex, chapati ya mayai, siku nzima.

#62 Mzee_Faimani
Nani kasema? Mayai mawili, nyanya nyingi.